Nione

Mwezi wa Februari, hapa Grimsby, upepo haubishi hodi.
Uliingia na ule waraka, umekunjwa mara mbili,
ukaangukia viatu vyangu vya kazini:
RUDINI KWENU, kwa herufi kubwa,
na chini yake makosa kumi na moja ya tahajia.

Nilifundisha Korogwe miaka kumi na tisa.
Mkono una mazoea yake; nikatafuta kalamu nyekundu.
Neno "wageni" kalikosea mara tatu,
kila mara kivyake. Hicho nacho ni kipaji.
Pembeni nikaandika: Hoja ina jazba, haina ushahidi.
Alama nne kwa kumi.
Na kwa kuwa mazoea yana taabu, nikamalizia: Nione.
Nikaubandika kituo cha basi, kwenye kioo kilichopasuka.

Watu walicheka.
Bi Winifred wa nyumba ya pili,
ambaye tangu uchaguzi alinisalimia kwa kope tu,
alicheka mpaka akashika nguzo.
Usiku huo, hata hivyo, nilikagua kufuli mara mbili.
Sitawadanganya: kicheko si komeo.

Siku ya tatu, hodi.
Royston, shingo nyekundu, waraka mkononi.
"Nne?" akasema. "Nne kwa kumi?"
Nikamwambia, ingia, unaniingizia baridi.

Chai aliikataa, kisha akainywa,
sukari vijiko vinne, sawasawa na alama zake.
Akanieleza habari zetu sisi tuliokuja kumaliza kila kitu.
Nilimsikiliza kama mwanafunzi
anayedai daftari lake limeliwa na mbuzi.
Na chini kabisa ya malalamiko, kama changarawe kiatuni,
likatokea basi namba saba.
Limefutwa. Mama yake husafishwa damu hospitalini
mara tatu kwa wiki, na teksi inakula pensheni.
Nami zamu yangu nyumba ya wazee huanza alfajiri,
maili mbili kwa miguu, nahesabu taa mbovu.
"Basi sikulichukua mimi," nikamwambia. "Nipekue mifuko."
Akacheka bila kutaka,
kama mtu aliyeshikwa na chafya kanisani.

Ndipo tukafiwa rasmi.
Tukamwekea marehemu matanga palepale kituoni:
turubai, birika, maandazi yangu,
keki ya Bi Winifred, ngumu kama majibu ya wizara,
picha ya basi yenye utepe mweusi.
Royston akasoma wasifu, tai imembana:
"Marehemu hakuwahi kufika kwa wakati. Lakini alifika."
Watu wakashika mbavu.
Dereva mmoja mstaafu alilia kweli, tukamwachia nafasi.
Mezani, kitabu cha rambirambi, kalamu imefungwa uzi:
jina, anwani, sahihi.
Jina, anwani, sahihi.
Mia sita na kumi na mbili, na moja ya mbwa,
tukaifuta; mambo ya halmashauri hayataki utani.

Walitupa dakika tatu. Diwani akatazama saa.
Nikamkabidhi kitabu, nikasema:
wafiwa wako nje kwenye mvua,
wote wamejiandikisha kupiga kura,
na Mei si mbali.
Dakika mbili zikabaki. Nikaketi,
nikawaachia wazitumie wao.

Marehemu amefufuka nusu:
asubuhi na jioni, Jumatatu hadi Ijumaa.
Jumapili bado tunatembea.
Mama yake Royston hukaa kiti cha mbele,
ananiita Mwalimu, kwa lafudhi ya ajabu.

Royston hajawa malaika.
Juzi nimekuta waraka mpya mlangoni,
na kwa penseli, pembeni: Naomba usahihishe kabla sijachapa.
Nusu yake nimeikataa, nimemwandikia kwa nini,
mistari mirefu, mpaka wino ukafifia.
Lakini "wageni" kalipatia.
Nimempa sita.
Na chini, palepale pa siku zote: Nione.